Kitufe cha Mwanga

Mlango wa choo ndio uliotufikisha dukani.

Ilikuwa asubuhi. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake katika chumba cha mbele anachokiita ofisi, nami nilikuwa kwenye benchi la wateja nikijaza maombi ya kazi kwenye simu. Zege akaingia bila hodi. Zege ni fundi mkuu wa ujenzi, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Jina hilo alipewa na vibarua wake, kwa sababu akikasirika uso wake hukauka palepale na hakuna wa kuulainisha. Siku hiyo hakuwa amekasirika. Alikuwa na ramani mkononi na kicheko kimemjaa kooni.

“Rula,” alimwambia baba mdogo. Mtaa mzima unamwita hivyo kwa mistari yake iliyonyooka. “Nina swali moja tu. Huyu mteja wetu anaingiaje chooni? Kwa dirisha? Haya, tuseme kaingia. Anatokaje? Kwa bomba?”

Baba mdogo aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na uso, akainamisha kichwa upande kama mtu anayechungulia tundu la kitasa. Nami nilisimama nyuma yake nikaangalia. Kilikuwa choo kizuri, kimechorwa kwa mkono uliokomaa. Kulikuwa na kuta, sinki, bomba la mvua na dirisha dogo juu. Mlango haukuwapo.

“Mlango niliuweka,” alisema.

“Uliuweka wapi? Mfukoni?”

Nilicheka. Mama mdogo, aliyekuwa akiingia na chai, naye alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo.

“Ni hiki kioo,” baba mdogo alisema, akiigonga kompyuta yake kwa ukucha. “Kimekufa. Nachora kama mtu anayetafuta sindano pangoni. Muulize mwenzangu hapa kama nasema uongo.”

“Kina giza,” mama mdogo alisema. “Hata mimi nakiona.”

Zege aliinama, tumbo likaegemea meza. “Kweli bwana, giza. Hapa hata paka angeomba taa. Badilisha mashine, Rula, usije ukanichorea ghorofa lisilo na ngazi, wapangaji waanze kurukaruka kama vyura.”

Wakacheka tena. Lakini alipokuwa akitoka, Zege alisimama kizingitini akashusha sauti, na kwa sauti yake kushusha maana yake ni kusikika chumba kimoja badala ya vitatu.

“Mimi nakutania, ndugu yangu. Mwenye nyumba hakucheka. Kaniuliza kama hapa mjini hakuna mchora ramani mwingine.”

Chai ilipoa mezani bila mtu kuigusa. Baba mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

“Msomi,” aliniita. “Hao waliotengeneza mashine hii wametoa toleo jipya. Nimesikia redioni. Wanasema kioo chake kimeongezwa mwanga maradufu. Nataka unichunguzie. Usinipambie, usinifiche. Utaniambia neno moja tu: inafaa au haifai.”

Nakiri nilifurahi. Tangu nimalize chuo kikuu, hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo lolote kati ya yale niliyosomea. Watu waliniuliza kama nimepata kazi. Na huyu ndiye mtu aliyenisomesha. Baba yangu alipofariki, baba mdogo hakutoa hotuba wala ahadi. Alisogeza meza yake ya kuchorea, akaweka kitanda changu pale ilipokuwa. Ramani alizochora kwenye meza ile iliyobanwa ukutani ndizo zilizonilipia masomo. Kama kulikuwa na siku ya kumlipa kwa elimu yenyewe, niliona ndiyo hiyo.

Nikafanya kazi kama niliyekuwa na mwajiri. Nilisoma kila kilichoandikwa kuhusu toleo lile jipya, sifa na lawama. Moyo wa mashine ulikuwa wa kasi zaidi, lakini programu ya kuchorea anayotumia baba mdogo haikuhitaji kasi hiyo. Betri ilidumu kutwa nzima, lakini yeye hatoki ofisini. Uzito ulipungua, lakini yake hajawahi kuibeba. Faida ilibaki moja tu, nayo ni ile aliyoitaja mwenyewe, yaani kioo. Ili niwe mkweli katika kulinganisha, ilinibidi nikipime kioo cha zamani.

Alipotoka kwenda kunyoa, niliketi kwenye kiti chake nikaifungua kompyuta. Kweli kulikuwa na giza. Nikatafuta kwanza kama kuna waya uliolegea, kisha kama programu imeharibika. Mwisho kabisa nikaangalia lile lililopaswa kuwa la kwanza. Kwenye safu ya juu ya vitufe kuna viwili vyenye picha ya jua, dogo la kushusha mwanga na kubwa la kuupandisha. Nilibonyeza kile cha jua kubwa. Mwanga ukapanda. Nikakibonyeza tena na tena, mpaka chumba kizima kikapata rangi na mistari ya ramani ikasimama wima kama imetoka kuchorwa. Kile kioo hakikuwa na ugonjwa wowote. Mtu alikuwa ameushusha mwanga karibu na mwisho.

Asingekuwa baba mdogo. Vitufe vile vya juu havigusi kabisa. Zamani aliwahi kubonyeza kimoja kwa bahati mbaya, picha yote ikageuka miguu juu, akafanya kazi siku nzima akiwa ameipindua kompyuta yenyewe mpaka nilipotoka shule. Tangu hapo husema safu ile ni ya wachawi.

Nilikimbilia jikoni nikiwa na furaha ya kitoto. Mama mdogo alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

“Mama mdogo, kompyuta haina tatizo. Kuna mtu kapunguza mwanga tu. Hatununui kitu!”

Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye mchele. “Umeshamwambia?”

“Bado, kaenda kunyoa. Akirudi tu—”

“Kaa chini.”

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Ni mimi,” alisema.

Sikuelewa. Akaweka ungo mapajani, akautazama mchele kana kwamba ndio anaouhadithia.

“Kila asubuhi, nikifuta vumbi. Kitufe kile wewe mwenyewe ulinionyesha. Umeme ulikatika nikiwa naangalia video ya mshono, ukaniambia bonyeza kile chenye jua dogo, chaji idumu. Nikakishika.” Akaokota punje ya mpunga, akaitupa. “Kabla mvua hazijaanza, baba yako mdogo aliniita pale ofisini. Akaniuliza, ‘Hiki kioo kina giza, au ni mimi?’ Nikatazama. Kilikuwa kinawaka kama mchana. Nikamtazama na yeye. Ungeuona uso wake, mwanangu.”

“Ukamwambia nini?”

“Babu yako unamkumbuka?”

Namkumbuka kidogo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, na ukimsalimia alikugusa paji la uso, pua na kidevu, ndipo akuitikie.

“Aliyekuwa fimbo yake ni baba yako mdogo. Wenzake wanacheza mpira, yeye kamshika baba yake mkono anampeleka chooni. Hajawahi kunisimulia. Mama yao ndiye aliyeniambia. Sasa aliponiuliza vile nilimwona yule mtoto. Nikasema, ‘Kina giza.’ Neno likatoka lenyewe. Kisha nikaogopa. Nikasema, huyu msomi ataingia aulize mbona kioo kinawaka hivi. Zege ataingia atasema. Basi nikaushusha mwanga, ili lisiwe neno langu peke yangu. Nilitaka giza liwe la wote.”

 Nje, jirani alikuwa akimwita kuku wake kwa mluzi.

Nilimweleza niliyoyajua na niliyotoka kuyasoma hapohapo kwenye simu. Huenda ni presha ya macho. Inarithiwa. Inaanza pembeni, inakula kuelekea katikati kama mchwa kwenye fremu, na mwenyewe haumwi chochote. Kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Mradi mtu awahi.

“Tumpeleke,” nilisema. “Kesho.”

“Nilimgusia hospitali. Alisema yeye na babu yako ni watu wawili, na nisirudie.”

“Lakini Mama, kila siku tunayomdanganya ni siku anayopoteza.”

“Unadhani sijui?” Sauti yake haikupanda. “Mwanzoni nilisema wiki hii tu, apumzike roho. Halafu wiki ijayo. Uongo ukishauzaa ni mtoto wako, utamtupa wapi? Nilidhani tutaishi hivyo. Mashine ina giza, basi. Nani alijua hao watu watatoa nyingine?”

Alichukua ungo, akaupepeta mara moja, makapi yakaruka.

“Atainunua,” alisema. “Akiba ya bati la nyumba yetu ameshaamua kuitumia. Akiwasha na giza likiwa lilelile, itakuwaje?”

“Ndiyo maana nasema tumwambie.”

Akaniuliza swali ambalo hadi leo linanijia nikiwa barabarani au nikiwa nakula.

“Hiyo mpya,” alisema, “kitufe chake cha mwanga kiko upande gani?”

 Tulipatana jambo moja tu, kwamba asubuhi inayofuata asiushushe mwanga. Nilikuwa bado na tumaini, na tumaini langu siku hizo lilikuwa kama mbuzi, lilipanda popote. Nilisema labda mama mdogo amekosea. Labda macho ya baba mdogo yamechoka tu, na akipewa mwanga wote atashtuka, atacheka, atamwita Zege achore naye huo mlango.

Kulipokucha niliwasha kompyuta mwenyewe, nikapandisha mwanga hadi kitufe kikagoma. Nikajikalia kwenye benchi, simu mkononi. Baba mdogo aliingia akiwa ananukia sabuni. Aliketi, akasogeza kiti, akaweka viwiko mezani. Nuru ya kioo ilimpiga kidevuni, na kwa nuru hiyo ningeweza kukuonyesha kila unywele mweupe kwenye ndevu zake.

Alitazama. Akafuta miwani. Akatazama tena.

“Unaona, Msomi?” alisema. “Leo ndiyo kabisa. Giza tupu.”

Mama mdogo alikuwa mlangoni, kitambaa cha vumbi mkononi. Tulitazamana. Aliingia polepole, akafuta meza, akafuta pembeni mwa kompyuta, na kidole chake kikapita juu ya lile jua dogo. Chumba kikafifia. Baba mdogo hakuinua hata kope.

Siku ya kwenda dukani alivaa shati lake la kupeleka ramani serikalini. Mama mdogo naye akachukua mtandio, jambo lililotushangaza, maana yeye na maduka ya vifaa vya umeme ni kama mafuta na maji.

“Wewe unakuja kufanya nini?” baba mdogo alimtania. “Unataka kunipangia mpaka mke wa pili?”

“Huyo wa pili anatumia chaji, mwache aje,” alijibu. “Chakula utakula kwangu.”

Baba mdogo alicheka. Siku hiyo alikuwa mchangamfu kama mtu aendaye posani. Njiani alitupigia hadithi, akiwa katikati yetu, na sasa kwa kuwa nilijua, niliona nisichokiona zamani: jinsi alivyopapasa ukingo wa lami kwa ncha ya kiatu kabla ya kushuka, na jinsi alivyogeuza kichwa kizima kumwangalia mtu aliyemsalimia ubavuni. Mlangoni mwa duka, mama mdogo alinivuta mkono.

“Mwambie inafaa,” alininong’oneza. “Nakuomba. Mengine niachie.”

Duka lilikuwa la vioo vitupu, sakafu inateleza kwa kung’aa. Muuzaji alikuwa binti wa rika langu, mwenye maneno yaliyopangika. Nilihisi naye kasomea kitu kingine kabisa.

“Hili ndilo toleo jipya, baba,” alisema. “Uzito wamepunguza, mwanga wameongeza.”

“Na bei?”

“Bei nayo wameiongeza mwanga kidogo.”

Baba mdogo alipenda jibu hilo. “Huyu binti ana akili. Haya, kiwashe tuone.”

“Hiki ukikiwasha jioni, jirani atadhani umeme umerudi.”

Kioo kikafunguka, nami nikakunja macho bila kutaka. Baba mdogo alitoa flashi kwenye mfuko wa shati, akanipa niichomeke. Alitaka kuipima mashine kwa ramani ile ile ya Zege. Muuzaji hakuona tabu. Nilimfungulia. Mistari ikajitandaza, myeupe ya kuta, bluu ya maji safi, kijivu cha maji machafu. Hata ule wa kijivu, ambao ndio mwembamba kuliko yote, ulionekana kama umechongwa.

Baba mdogo alisogea. Alisogeza kichwa kidogo kidogo, kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma ukuta kwa kurunzi ndogo.

“Ongeza mwanga,” alisema.

“Uko mwisho, baba.”

“Huu ndio mwisho?”

“Ndiyo.”

 Kwa ile sauti yake ya kazi ambayo nimeisikia tangu utotoni, alisema, “Basi mlango tunauweka hapa,” na akagusa kioo kwa kidole, bila wasiwasi wowote.

“Hapo si jikoni, baba?” muuzaji aliuliza.

Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu pekee pale ndani ambaye hakujua kwamba kuna kitu cha kufichwa. Kidole cha baba mdogo kilibaki pale pale juu ya jiko, kisha kikarudi.

“Toleo la zamani mnalo bado?” aliuliza. “Kama yangu?”

Lilikuwepo kwenye rafu ya chini, lenye vumbi. Muuzaji alilileta, akaliwasha, akaziweka sambamba. Baba mdogo alitazama moja, akatazama nyingine. Akarudia.

“Msomi. Ipi ina mwanga zaidi?”

“Mpya, Baba.”

“Kwa kiasi gani?”

“Kama... kama jioni na mchana.”

Alitikisa kichwa polepole. “Mimi naona jioni mbili.”

 Kwenye kona ya duka televisheni kubwa ilikuwa ikionyesha ndege wakiruka bila sauti.

“Sasa nijibu nilichokuuliza,” alisema, bila kunigeukia. “Inafaa au haifai?”

Nilihisi vidole vya mama mdogo vikishika shati langu mgongoni.  Nilifikiria meza ya kuchorea iliyobanwa ukutani, na jinsi alivyosema usinipambie, usinifiche, akiwa amenichagua mimi kati ya watu wote kuwa jicho lake. Nilitamani kumpa uongo mzuri. Nilikuwa nao mdomoni tayari, mtamu, umeshapashwa moto.

“Haifai, Baba,” nilisema. “Ile ya nyumbani ni nzima. Imekuwa nzima siku zote.”

“Zege alikiona kioo kina giza.”

“Kilikuwa na giza.”

“Sasa mbona unasema ni nzima?”

Vidole vikaachia shati langu.

“Nilikuwa naushusha mwanga,” mama mdogo alisema. “Mimi. Kila asubuhi.”

Nilitegemea baba mdogo apaze sauti. Ingekuwa afadhali. Alinyoosha mkono, akapapasa ubavu wa mashine, akaipata flashi yake, akaichomoa. Akaipuliza kama mtu anayetoa vumbi, akairudisha mfukoni.

“Asante, mwanangu,” alimwambia muuzaji. “Mashine yenu ni nzuri.”

Kisha akageuka na kutembea, mgongo umenyooka, rula kweli, moja kwa moja kwenye kioo kilicho kando ya mlango. Paji la uso likagonga. Hakikuwa kishindo kikubwa, ni kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Akasimama hapo, kiganja kwenye kioo, nje watu wanapita wakimtazama, akitafuta kishikio ambacho hakipo. Mama mdogo alimkimbilia akamshika kiwiko. Baba mdogo aliutoa mkono wa mkewe taratibu, kidole kimoja kimoja, akanyoosha wa kwake hewani mpaka nikausogelea na kuushika.

Njiani aliuliza swali moja tu. “Tangu lini?”

“Tangu siku ile uliyoniuliza,” mama mdogo alijibu kutoka nyuma yetu.

Kliniki ya macho alikubali kwenda bila kubembelezwa, jambo lililonitisha kuliko angekataa. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye mikono baridi. Alimwekea kidevu kwenye chombo, akamtaka abonyeze kila aonapo nukta ya mwanga. Nilikaa pembeni nikiziona nukta zikiwaka kwenye kioo kidogo cha mashine, moja baada ya nyingine, na kidole cha baba mdogo kimetulia.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na tundu, daktari alisema, kama mtu anayetazama dunia kupitia mrija. Tundu hilo lingeweza kulindwa. Akaandika matone.

“Mngewahi kidogo,” alisema. “Kabla ya mvua, kwa mfano, lile la kushoto tungeliokoa kiasi.”

Alisema vile kama watu wa kazi yake wasemavyo, kwa kila mgonjwa pengine. Mama mdogo alitazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga, akaufungua.

Zege alikuja nyumbani. Alikaa kwenye benchi, safari hii bila utani, akazungusha kofia mikononi. Alisema nyumba hii Rula ataimaliza, yeye Zege atasimama naye mbele ya mwenye nyumba, afe na tai shingoni. Lakini ile ya baadaye, yenye ghorofa, wameshampa mtu mwingine. Baba mdogo alisema ni sawa. Alisema ghorofa lisilo na ngazi si zuri. Zege alijaribu kucheka, uso ukakauka.

Siku hizi maongezi ya baba mdogo na mama mdogo ni machache. Asubuhi na jioni yeye huketi kwenye kiti chake, huegemeza kichwa nyuma, na mama mdogo husimama juu yake na kichupa.

“Tazama juu.”

“Haya.”

“Fumba.”

Basi. Lakini nimeona kwamba matone yakishaingia, mama mdogo hubaki amemshika paji la uso kwa kiganja kwa muda, akisubiri dawa ikae, na baba mdogo hamwondoi. Ninashikilia hilo. Mtu anaweza kusema ni kidogo, na kweli ni kidogo.

Ramani ya Zege tulikuwa tunaimalizia juzi. Kompyuta ni ile ile ya zamani. Baba mdogo huchora akiwa ameinama, pua karibu iguse kioo, chumba kimoja baada ya kingine, nami hukaa ubavuni kumtajia anachokiruka. Mwanga huwa uko mwisho. Hakuna anayeugusa. Mama mdogo akifuta vumbi huizunguka kompyuta kwa mbali, kama kuna mtoto amelala.

Tulifika chooni. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia mlango ukae wapi, akanizuia kwa kidole.

“Mama,” aliita kuelekea jikoni. Alikuwa hajamwita tangu dukani. Maji yaliyokuwa yakimwagika kwenye sufuria yalinyamaza.

Mama mdogo alikuja akijifuta mikono, akasimama pale pale alipokuwa amesimama siku zote hizo za kitambaa.

“Sogea utazame,” baba mdogo alisema. Hakumgeukia. “Hiki kioo kina giza, au ni mimi?”

Alisogea. Alitazama kioo, na nuru ikampanda shingoni mpaka machoni, ambayo yalikuwa yamelowa. Nilidhani hatajibu. Nilikuwa tayari kumjibia.

“Ni wewe,” alisema.

Baba mdogo alitikisa kichwa kama mteja aliyepewa kipimo sahihi.

“Haya,” alisema. “Kaa basi. Nionyeshe ukuta ulipo.”

Mama mdogo alivuta kigoda, akaketi, akamshika mkono wenye kipanya. Wakausogeza pamoja, polepole, wakaupita ukuta, wakarudi.